Nilipata daraja la pili la chini na nina miaka mitano kazini: je, naweza kuomba shahada ya uzamili?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilimaliza shahada ya kwanza ya afya ya jamii miaka mitano iliyopita, nikapata daraja la pili la chini. Tangu hapo nafanya kazi ya takwimu katika mradi wa chanjo za watoto. Nataka kusoma uzamili, ikiwezekana nje ya nchi kwa ufadhili, ila kila nikifungua tovuti ya chuo nachanganyikiwa: wadhamini, barua ya nia, andiko la utafiti, mtihani wa lugha. Rafiki zangu wananiambia niombe vyuo vingi kadiri niwezavyo, sitakosa kimoja. Je, alama zangu zimenifungia mlango? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuitaja alama yako bila kuificha, maana imenirahisishia kukujibu bila kuzunguka.

Daraja la pili la chini halikufungii uzamili. Linakufungia baadhi ya programu na baadhi ya ufadhili, na ni heri uzijue mapema usije ukapoteza muda na ada ya maombi. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hudai daraja la pili la juu. La chini hukubaliwa pale mwombaji anapokuwa na sifa nyingine ya baada ya shahada ya kwanza, yenye uhusiano na fani anayoiombea. Kwa mtu wa hali yako, hilo lina maana kwamba stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, hata ya kusoma huku unafanya kazi, huenda ikakuvusha ukingo ambao alama za awali hazikukuvusha, ila uliza kwanza kama wataikubali. Vipo pia vyuo vinavyoandika katika masharti yao kwamba uzoefu wa kazi unaolingana na fani utazingatiwa. Sentensi hiyo ndogo, ambayo waombaji wengi huiruka, imeandikwa kwa ajili ya watu kama wewe. Usipoiona, mwandikie ofisa udahili umuulize. Atakujibu ndiyo au hapana, na utakuwa umejua unasimama wapi kabla hujatoa ada.

Pale unapokidhi masharti ya chini, jua kwamba wasomaji wa faili lako hawaangalii wastani peke yake. Wataangalia kama alama zilipanda kadiri ulivyosonga mbele, ulipata nini katika masomo yanayohusika na hiyo programu, na utafiti wako wa mwaka wa mwisho ulikuwaje. Mwenye wastani mdogo lakini aliyefaulu vizuri takwimu, epidemiolojia (elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii) na mradi wa mwisho ni mwombaji tofauti kabisa na mwenye wastani huohuo aliyefeli takwimu mara mbili. Ichukue nakala ya matokeo yako uisome kwa jicho hilo. Kama kulikuwa na sababu ya alama kushuka, ugonjwa au msiba, ieleze kwa sentensi mbili tulivu kisha uendelee. Ukijaza ukurasa mzima kwa kujitetea, msomaji ataondoka akikumbuka udhaifu wako tu.

Sasa nije kwa rafiki zako. Ushauri wao naupinga kwa nguvu zote, ingawa najua wanakutakia mema. Maombi ya uzamili hayafanani na yale ya shahada ya kwanza, ambako mara nyingi mfumo hupanga watu kwa alama. Huku faili lako husomwa na walimu wa idara, watu watakaokufundisha na pengine kukusimamia. Nimeshiriki katika usomaji huo, na kila faili linapofunguliwa swali ni lilelile: huyu ataiweza kazi hii, na kwa nini anataka kuifanya hapa kwetu? Mtu aliyetuma barua moja kwa vyuo kumi na vitano akibadilisha jina la chuo tu hawezi kulijibu hilo swali la pili, na hutambulika kwenye aya ya kwanza. Zaidi ya hapo, atawachosha wadhamini wake, yaani watu wanaomwandikia barua za kumpendekeza, ambao watapokea viungo kumi na vitano vya kupandishia barua. Chagua programu nne, tano, zikizidi sana sita. Mbili ziwe za juu kidogo ya unavyodhani unastahili, zinazobaki ziwe zile ambazo masharti yake unayakidhi waziwazi.

Kuchagua huko ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko unakotakiwa kuanzia. Usianze na jina la chuo. Chukua karatasi uandike kitu gani katika kazi yako ya sasa kinakutatiza na hujui kukitatua, kisha utafute wanaokifundisha au kukitafiti. Ukiipata programu, fungua orodha ya masomo yake uyasome moja moja, maana jina la shahada hudanganya: programu mbili zenye jina la afya ya jamii zinaweza kuwa moja ya sera na uongozi, nyingine ya takwimu nzito. Angalia pia kama ni uzamili wa darasani wenye tasnifu fupi mwishoni au uzamili wa utafiti ambao karibu wote ni tasnifu. Ule wa darasani unamfaa anayetaka kuongeza ujuzi arudi kazini. Wa utafiti unamfaa anayefikiria uzamivu (PhD), na huko kumpata msimamizi ni nusu ya udahili. Muda nao hutofautiana. Uingereza uzamili wa darasani kwa kawaida ni mwaka mmoja, sehemu nyingi za bara la Ulaya ni miaka miwili. Marekani kuna jambo ambalo wengi hawalijui: uzamili mara nyingi hauna ufadhili, lakini uzamivu katika idara nyingi unalipiwa ada pamoja na posho, na idara nyingi humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Usilikimbilie hilo kwa sababu ya posho tu, kwani ni miaka mitano au zaidi ya maisha yako.

Kwa kuwa unahitaji ufadhili, kalenda yako itaamuliwa na wafadhili kabla ya vyuo. Masomo yanayoanza Septemba au Oktoba huombewa tangu mwaka uliotangulia. Dirisha la maombi la Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba. Programu nyingi za pamoja za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ambazo humsomesha mwanafunzi katika nchi mbili au zaidi, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Anayeanza kuulizia mwezi Machi ili aondoke Septemba mara nyingi hukuta nafasi za masomo bado zipo na fedha zimekwisha kugawiwa.

Na hapa miaka yako mitano kazini, ambayo umeitaja kana kwamba ni mzigo, ndiyo mtaji wako. Chevening hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, takriban miaka miwili ya kazi ya kutwa, pamoja na ahadi ya kurudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, lina programu za uzamili kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea zinazotaka angalau miaka miwili ya kazi. Waliotoka shahadani jana hawazigusi. Lakini hizo za DAAD zina sharti jingine: kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita. Yako ina mitano. Ukiahirisha, mlango huo utajifunga wenyewe, na alama hazitakuwa na la kufanya nao.

Wadhamini. Hapa ndipo nawaona watu wazuri wakianguka, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo. Programu nyingi zitataka barua mbili, pengine tatu, na angalau moja itoke kwa mwalimu aliyekufundisha. Miaka mitano imepita na mwalimu huyo amefundisha mamia baada yako. Usimtumie ujumbe wa mstari mmoja ukidhani anakukumbuka. Mwandikie miezi miwili kabla, jitambulishe kwa mwaka wako, kichwa cha utafiti wako wa mwisho na alama uliyopata katika somo lake, kisha muulize kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu. Tumia maneno hayohayo. Mwalimu asiyekukumbuka vizuri atapata njia ya kukataa kwa heshima, na kukataa kwake ni zawadi, kwa sababu barua vuguvugu hudhuru kuliko watu wanavyodhani. Akikubali, mpelekee kila kitu kwa pamoja: nakala ya matokeo, wasifu, rasimu ya barua ya nia, majina ya programu na tarehe za mwisho. Mwongezee nusu ukurasa wa mambo aliyoyaona mwenyewe: ile mada uliyowasilisha, ule uchambuzi aliousifu. Barua inayotaja tukio moja halisi huishinda ile inayosema mwombaji ni mchapakazi na mwadilifu, maana hayo huandikwa juu ya kila mtu.

Barua ya pili itoke kazini, kwa mtu anayesimamia kazi yako kila siku. Waombaji wengi humkimbilia mkurugenzi mkuu kwa sababu ya cheo chake, kisha barua inakuja na mistari minne kwa kuwa mkurugenzi hajawahi kuiona kazi yao. Mratibu anayejua kwamba wewe ndiye uligundua makosa kwenye ripoti za robo mwaka ana thamani kubwa zaidi. Wote wawili watumie anwani za barua pepe za taasisi zao, kwa sababu vyuo vingi hutilia shaka anwani za kawaida. Na pakitokea mdhamini akakwambia uandike mwenyewe yeye atie sahihi, mrudishie zile hoja zako za nusu ukurasa na umwombe kwa unyenyekevu aziweke kwa maneno yake. Kamati hutambua barua mbili na barua ya nia zilizotoka kwenye kalamu moja, na zikitambuliwa faili zima hupoteza imani.

Barua ya nia sasa. Nyingi huanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuisaidia jamii yangu." Sina shaka kwamba ni kweli. Shida ni kwamba sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na kila aliyeomba, kwa hiyo haimwambii msomaji lolote juu yako. Wewe unafanya kazi na takwimu za chanjo. Lazima umekutana na lile tatizo linalojulikana na kila anayeshughulika na ripoti za vituo vya afya: eneo linaripoti kwamba limechanja asilimia 112 ya watoto. Haiwezekani kuchanja watoto wengi kuliko waliopo, lakini takwimu zinasema hivyo, kwa sababu idadi ya watoto wanaotarajiwa ilikadiriwa kutoka sensa ya zamani, au kwa sababu kina mama wa eneo jirani huleta watoto wao kituoni hapo, au dozi imeandikwa mara mbili. Kama umewahi kukaa na ripoti ya namna hiyo, anza hapo. Kwa mfano:

"Katika mwaka wangu wa tatu kazini, vituo vitatu kati ya tisa ninavyovifuatilia viliripoti kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100. Nilirudi kwenye madaftari ya kliniki nikalinganisha majina, na nikaona sehemu ya watoto walitoka nje ya eneo la kituo. Niliweza kueleza kosa, lakini sikujua namna ya kukadiria kiwango halisi. Ndiyo sababu natafuta mafunzo ya ukadiriaji wa idadi ya watu katika maeneo madogo."

Weka tarakimu zako za kweli, zangu hapo ni mfano tu. Tazama kilichotendeka katika mistari hiyo: mwombaji ameonyesha anachokifanya, ameonyesha anavyofikiri, ametaja mpaka wa ujuzi wake, na mpaka huo umekuwa sababu ya kwenda shule. Daraja la pili la chini halijatajwa, na msomaji ameshaanza kuliweka pembeni. Aya inayofuata ieleze kwa nini programu hii, ukitaja somo fulani na mwalimu fulani ambaye kazi yake umeisoma. Ya tatu iseme utarudi kufanya nini, kwa kiasi kinachoaminika. Huna haja ya kuahidi kutokomeza magonjwa. Sema utajenga mfumo bora wa kukagua takwimu katika mradi wako na kuwafundisha wenzako kuutumia, na utaaminiwa.

Iandike mwenyewe. Unaweza kumpa mtu akurekebishie lugha, na programu za kompyuta zipo, ila baadhi ya vyuo vimeweka masharti juu ya matumizi ya akili bandia katika maombi, hivyo soma kanuni za kila chuo. Na hata pasipo kanuni, barua iliyotengenezwa na mashine huwa laini kila mahali, na kinachopotea humo ni vile vituo vitatu kati ya tisa.

Andiko la utafiti utaombwa hasa kwa uzamili wa utafiti, na baadhi ya wafadhili nao huulizia. Kosa lake kubwa ni upana. "Changamoto za chanjo katika nchi zinazoendelea" ni mada ya maisha ya watu kumi. "Ni kwa kiasi gani watoto wanaotoka nje ya eneo la kituo wanapotosha kiwango cha chanjo kinachoripotiwa?" ni swali ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu kwa miezi kumi na miwili. Likishakuwa swali la kweli, mengine hujipanga: nani wamelijaribu kabla yako, utapata wapi data, nani atakupa kibali cha kuzitumia, utazichambuaje. Suala la kibali usilipuuze. Data za wagonjwa na watoto zinapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na anayelitaja hilo bila kuulizwa huonekana amekomaa.

Ukihitaji msimamizi, mwandikie barua pepe fupi, mistari kumi hivi. Soma kwanza makala zake mbili, na useme ni hoja gani ndani yake inayokugusa na kwa nini. Ambatisha wasifu na muhtasari wa ukurasa mmoja. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha uendelee na mwingine bila kinyongo. Walimu hupokea barua nyingi, na ukimya wao mara nyingi hauna uhusiano na ubora wako.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Agiza nakala rasmi ya matokeo mapema, kwani vyuo vingine huchukua wiki kadhaa kuitoa, na hakikisha jina lililo kwenye cheti linalingana na la pasipoti herufi kwa herufi; likitofautiana, tafuta hati ya kiapo sasa hivi. Mtihani wa lugha ya Kiingereza, IELTS au TOEFL, matokeo yake hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Ulizia kwanza kama unasamehewa kwa kuwa ulisoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, maana baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako ikithibitisha hivyo, na mtihani ni ghali. Ada ya maombi nayo mara nyingine husamehewa kwa mwenye kuomba asamehewe. Jihadhari na mawakala. Wapo waaminifu, lakini hakuna ufadhili wa kweli unaokudai utume fedha ndipo fedha zake zifunguliwe, na chuo chochote usichokijua kihakikishe kwenye mamlaka ya ithibati ya nchi kilipo, si kwenye tovuti yake chenyewe.

Wiki hii fanya mambo mawili: agiza nakala ya matokeo, na umwandikie mwalimu wako wa zamani. Hayo ndiyo yanayotegemea watu wengine, kwa hiyo ndiyo yanayochelewa. Jioni zako tumia kusoma orodha za masomo za programu.

Ukifika kwenye usaili, watarudi kwenye zile ripoti za asilimia 112. Watakuuliza ungefanyaje tofauti, na ungefanya nini kama usingepata data. Ukikwama, fikiri kwa sauti, kwa sababu wanataka kuona unavyolishika swali gumu.

Na barua ya kukubaliwa ikija, isome yote kabla ya kufurahi na majirani. Udahili wa masharti haujakamilika mpaka masharti yatimie, na yana tarehe. Angalia kama kuna amana ya kulipa na kama hurudishwa viza ikikataliwa. Kama umepata nafasi bila fedha, ulizia kuiahirisha mwaka mmoja. Vyuo vingi huruhusu, ili uombe ufadhili tena ukiwa na nafasi mkononi. Na ukipata sehemu mbili, usikubali kusukumwa. Vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwingineko, unaweza kuandika barua ya heshima ukaomba wiki mbili zaidi. Mara nyingi watakupa.